Sahani ya Githeri Niliyokula Ishiara

Nianze na kosa langu, msije mkasema baadaye kwamba huyu shosho mzee alitusifia kazi yake ukurasa mzima kumbe alikuwa anaficha lake. Mimi nimewahi kula data. Niliila mchana kweupe, kwa kijiko, nikashushia na chai ya rangi. Miaka mingi ikapita kabla sijajua kwamba ile sahani ilikuwa imesafiri kuliko mimi, na siku nilipojua, nilikuwa nimebakisha miezi michache tu nistaafu.

Naitwa Gatwiri, ila hapa mtaa wa Majimbo, Embu, kila mtu ananiita Mama Kendi. Nilizaliwa Timau, kwenye baridi na ngano, mahali ambapo mtoto hujua kumenya viazi kabla hajajua kuhesabu. Kazi yangu yote nimeifanya Embu mjini katika ofisi ndogo ya utafiti wa lishe. Nusu ya kwanza nilizunguka na mizani nikipima chakula cha watu majumbani mwao. Nusu ya pili niliketi mbele ya kompyuta nikisoma tafiti za watu wengine na kuziunganisha. Nyinyi vijana mnaoajiriwa siku hizi mnaanzia moja kwa moja kwenye kompyuta, na mizani mnaiona dukani tu mkinunua nyama. Ndiyo sababu nimeamua kuandika.

Watu huniuliza, kuunganisha tafiti ni kufanya nini hasa? Marehemu mume wangu alikufa akiamini kwamba nilikuwa karani wa kupiga chapa. Haya, sikilizeni. Chukueni swali moja: mtoto wa miaka minne wa sehemu kavu anakula kiasi gani nyumbani, na je, kinamtosha? Mtafiti mmoja alienda kupima wiki ya mavuno, akakuta watoto matumbo yamejaa. Mwingine alienda mvua zikiwa zimekosa, akalia machozi. Wa tatu alipima watoto wachache mno, na nusu yao walikuwa na mafua, hawataki kula. Kila mmoja amerudi kwake akaandika makala na kusema jibu ni hili hapa. Ukimsikiliza mmoja peke yake, umepotea.

Kwa hiyo unawakusanya wote, hata yule usiyempenda. Unasoma kila makala kwa maswali yaleyale, unajaza jedwali: ni watoto gani, walipimwa vipi, msimu gani, kwa muda gani. Kisha kompyuta inampa kila mmoja sauti yake. Aliyepima wengi kwa uangalifu anasikika sana, aliyepima wachache ananong'ona. Mwishoni inatoka picha yenye mistari iliyopangwa kama ngazi, kila mstari utafiti mmoja, na chini kabisa kuna kijialmasi, alama ndogo ya pembe nne. Kijialmasi hicho ndicho jibu la wote kwa pamoja. Kikiwa chembamba, mna uhakika. Kikiwa kimetanuka, tulizeni domo.

Inasikika rahisi. Si rahisi. Kazi yenyewe ni kusoma zile sehemu ambazo wengine wanaruka, zile aya za herufi ndogo ambapo mtu anaeleza alivyopima. Mwezi wangu wa kwanza kwenye kompyuta niliweka kwenye safu moja maharagwe yaliyopimwa yakiwa makavu na maharagwe yaliyopimwa yakitoka jikoni yamechemka. Mimi! Mwanamke ambaye amepika maharagwe tangu utotoni! Makena, msichana wetu wa takwimu kutoka Nkubu, alilitazama jedwali langu akaniuliza taratibu, "Mama Kendi, watoto wa hii makala wanakula maharagwe mara mbili ya wale wengine. Ni majitu?" Nilisoma tena herufi ndogo. Wale "majitu" walikuwa wamekula maji ya kuchemshia. Nikaona aibu, nikamchemshia Makena chai, tukaanza upya. Tangu siku hiyo, kila nikikutana na gramu, swali langu la kwanza ni moja: kabla ya moto au baada ya moto? Lishikeni hilo, litawaokoa.

Jambo jingine alilonifundisha Makena ni kwamba si kila kitu kinachoweza kujumlishwa kinafaa kujumlishwa. Nilimwuliza siku moja, "Ukichukua baridi ya Timau na joto la Ishiara ukagawa kwa mbili, unapata nini?" Nilitaka aseme unapata upuuzi. Akafikiri, akasema, "Unapata Majimbo, Mama Kendi." Tulicheka mpaka Daktari Mugendi, mkubwa wetu, akatoka ofisini mwake kuangalia kuna nini. Lakini alikuwa amenielewa. Wafanyakazi wa mashamba ya maua kule Timau na watoto wa Ishiara hawawezi kuwekwa kwenye ngazi moja, hata kama wote wanakula githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe au ndengu.

Sasa turudi kwenye mizani, maana ndiko ugonjwa ulikoanzia.

Mwalimu wangu wa mizani alikuwa Mzee Nyaga, Mungu amlaze pema. Mtu mfupi, mkali, wa kofia ya sufu hata kwenye jua la Ishiara, huko Mbeere. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: "Andika kilichotokea. Kama kuku amekunywa uji wa mtoto, andika kuku." Ya pili ilihusu adabu. "Hawa watu wa Mbeere watakupa chakula," aliniambia. "Kula. Ukikataa chakula cha mtu umemwambia kwamba unamshuku kwa mambo mabaya, na hatakuambia ukweli tena, hata wa idadi ya watoto wake. Na ukila, ziara ya pili usirudi mikono mitupu."

Sheria ya pili ilitufanya tuwe na kijitabu. Kilikuwa daftari dogo la jalada la bluu, na mimi ndiye nilikuwa mtunzaji wake kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Jioni tukirudi kutoka nyumba kwa nyumba, wenzangu watatu walinitajia wamekula kwa nani, nami nikaandika jina la mama wa nyumba na siku. Tukirudi kijiji hicho, kila jina lilipelekewa nusu kilo ya sukari na pakiti ya majani ya chai. Tulikiita kijitabu cha sukari. Hakikuhusiana na utafiti hata kidogo. Kilikuwa cha heshima tu.

Kupima chakula cha watu ni kazi ya kuchekesha. Unafika alfajiri, unapima kila kitu kinachoingia sufuriani, unapima sufuria ikiiva, unapima sahani ya kila mtu, unapima mabaki. Mzee mmoja karibu na Siakago alinifuata na fungu la muguka, yale majani ya kutafuna, akitaka nilipime. Nikamwambia, "Mzee, muguka si mboga." Akanijibu kwa hasira, "Mimi tangu asubuhi sijala kitu kingine. Sasa wewe unataka kuandika nini, kwamba nimeshinda njaa?" Nilipima. Mzee Nyaga alisema niandike kilichotokea.

Laiti ningeendelea hivyo.

Nyumba ninayotaka kuwaambia ilikuwa ya Mama Muthoni, nje kidogo ya soko la Ishiara, kwenye njia ya kuteremka mtoni. Muthoni alikuwa binti yake wa kwanza, miaka minne, macho makubwa, hakai mahali pamoja. Nilipima mahindi, nikapima ndengu, nikapima sufuria. Githeri ilipoiva, Mama Muthoni akapakua sahani ya mume wake, ya mama mkwe, yake mwenyewe, halafu moja akaniletea mimi kwa mikono miwili. Niliipima kama sahani nyingine yoyote, nikala. Ilikuwa na chumvi nzuri, nakumbuka. Muthoni mwenyewe hakuwepo. "Ako kwa nyanya yake mwingine huko ng'ambo," mama yake akasema. Nikamwuliza, "Atakula?" Akajibu, "Atakula."

Fomu yetu ilikuwa na mstari kwa kila mtu wa nyumba. Mstari wa mgeni haukuwepo, kwa sababu aliyeitengeneza fomu alikuwa mbali na hakujua kwamba huku mgeni hula. Na ofisini kulikuwa na sheria: sahani zote ukijumlisha na mabaki, lazima zilingane na sufuria. Zisipolingana, fomu inarudishwa, nawe unarudishwa pamoja nayo, kwenye jua lile, nyumba ileile, kupima upya. Nilikuwa nimesharudishwa mara mbili mwezi huo. Sasa naangalia fomu yangu: sahani yangu haina mstari, na mstari wa Muthoni hauna sahani. Nikachukua gramu zangu nikamwandikia Muthoni. Si atakula? Mama yake amesema. Hesabu ikalingana vizuri kabisa.

Karani wa ofisi aliisifu fomu ile. Basi nikawa fundi. Kila nyumba tuliyolishwa, niliigawa sahani yangu kwa watoto. Nilipofanywa kiongozi wa kikosi, niliwafundisha wenzangu vilevile, tena kwa majivuno: "Msisumbuke kurudishwa, wapeni watoto." Mzee Nyaga alikuwa ameshastaafu, hakuwepo wa kunichapa kofi la mdomo. Sikufikiri naharibu kitu. Niliona kama kufuta vumbi kwenye meza.

Kuna jambo moja tu ambalo hatukuweza kulipanga kwa ujanja, nalo ni mbuzi. Katika nyumba moja jirani na kwa Mama Muthoni, mbuzi jike mwenye pembe moja aliingia jikoni wakati mwenzangu anaandika, akala chakula chote kilichokuwa kimepimwa, akala na ukingo wa fomu. Nyumba hiyo ikatolewa kwenye utafiti. Mkubwa wa wakati huo alilazimika kuandika kwenye ripoti kwamba nyumba moja imeondolewa kwa sababu mbuzi alikula chakula kilichopimwa. Tulicheka mwaka mzima.

Miaka ikaenda. Magoti yakakataa vilima, nikahamishiwa kwenye kompyuta, nikajifunza hayo niliyowaeleza. Halafu, karibu na kustaafu kwangu, wakubwa fulani wakaomba ofisi yetu ushauri. Shule za chekechea za sehemu kavu zilikuwa zinapikia watoto maharagwe mchana. Je, yanahitajika? Watoto hao wanapungukiwa nyumbani, au wanakula vya kutosha? Tuunganishe tafiti zote zilizopo tuseme. Tukisema wanakula vya kutosha, maharagwe yanaondolewa. Hilo lilisemwa wazi kikaoni, hakuna aliyelificha.

Tulikusanya makala miezi kadhaa, mimi nikisoma, Makena akichambua. Picha ikatoka. Ngazi yetu ilikuwa na mistari mingi midogo midogo iliyosema watoto wanapungukiwa, na mistari mitatu minene iliyosema wanakula vizuri. Ile mitatu ilikuwa na sauti kubwa kwa sababu chakula chake kilipimwa kwa mizani, si kuulizwa tu kwa mdomo. Kijialmasi kikavutwa upande wake. Daktari Mugendi akaanza kuandika rasimu: watoto wanakula vya kutosha.

Wiki hiyohiyo Mama Muthoni akanipigia simu. Hatukuwahi kupoteana, sukari ilitufanya marafiki. Alikuwa sasa mpishi wa chekechea moja pale Ishiara. "Mama Kendi," akasema, "ni ukweli maharagwe inakatwa? Tumesikia ni nyinyi huko Embu mnaamua."

"Sisi hatuamui. Tunasoma tu vile vitabu vinasema."

"Na vinasema nini?"

"Vinasema watoto wanakula nyumbani."

"Nyumbani gani?" akaniuliza.

Nilikata simu nikarudi kwenye zile makala tatu nene, nikazisoma herufi ndogo kwa mara nyingine, polepole, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Waandishi walikuwa tofauti. Mmoja alisema amefanya kazi Mbeere. Mwingine aliandika "nyanda kavu chini ya Mlima Kenya". Wa tatu hakutaja mahali kabisa, alisema tu mashariki mwa nchi. Ila wote watatu, kila mmoja kwa maneno yake, walieleza kwamba nyumba moja iliondolewa kwa sababu mbuzi alikula chakula kilichopimwa.

Ala! Niliruka kwenye kiti. "Makena! Njoo uone mbuzi wangu!"

Dunia hii haina mbuzi watatu wa namna hiyo. Data yetu ya zamani ilikuwa imeazimwa na watu watatu, kila mmoja akaandika makala yake, nasi tukawahesabu watoto walewale mara tatu tukidhani ni watoto tofauti. Makena alinikumbatia. Alimwita Daktari, naye Daktari, ambaye si mtu wa maneno mengi, akaniambia mbele ya ofisi nzima, "Mama Kendi, umetuokoa. Kompyuta haiwezi kumjua mbuzi." Watu wakapiga makofi. Mwingine akaenda kununua maandazi.

Mimi nilisimama pale na andazi mkononi. Makena alikuwa ameshaanza kufurahi, "Tunatoa mbili, tunabakisha moja," na mimi ndiye pekee chumbani humo niliyejua kwamba hiyo moja nayo si safi. Ilikuwa bado na sauti kubwa. Ilikuwa bado inasema watoto wa Ishiara wanakula. Na walichokula kwenye karatasi, nilikuwa nimekila mimi.

Sitawadanganya, nilitaka kunyamaza. Nilikuwa nimebakisha miezi minne. Walikuwa wamenipangia karamu ya kuniaga, hata keki ilikuwa imeshaagizwa. Nilitamani sifa zile zibaki jinsi zilivyo, niende nyumbani nikachague maharagwe kwa amani. Lakini lile swali la Mama Muthoni lilikuwa linanizunguka masikioni: nyumbani gani? Nikaliweka andazi chini.

"Daktari," nikasema, "hata hiyo inayobaki ina kasoro. Kuna watoto tuliowaandikia chakula ambacho hawakula."

"Nani alikula?"

"Sisi wapimaji. Fomu haikuwa na mstari wa mgeni, nikaweka sahani yangu kwa watoto. Nikafundisha na wenzangu wafanye hivyo."

Daktari alivua miwani yake akaifuta, akaivaa tena. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. "Nyumba ngapi?" akauliza.

"Siwezi kukumbuka kwa kichwa."

"Basi hatuwezi kurekebisha. Itabidi tuuondoe utafiti wote, na wakubwa watauliza kwa nini tunaondoa kile kilichopimwa kwa mizani tukabakisha cha kuulizwa kwa mdomo. Hawatatukubalia."

Hapo ndipo nilipokumbuka kijitabu cha sukari.

Kilikuwa nyumbani, ndani ya kiondo cha zamani, pamoja na vyeti vya ubatizo na picha za Kendi akiwa mdogo. Kila nyumba tuliyolishwa ilikuwamo, jina na siku. Nilikipeleka asubuhi yake, nikakiweka mezani kwa Makena. Alifungua kurasa, akasoma: "Mama Muthoni, sukari, majani." Akageuza ukurasa. "Mama Kendi, hii ni nini?" Nikamwambia, "Hiyo ndiyo orodha ya kila mahali data ilipoliwa." Maskini mtoto wa watu, hakujua acheke au alie.

Tulilinganisha kijitabu na fomu za zamani zilizokuwa stoo, siku baada ya siku, vumbi likituingia puani. Kila nyumba iliyokuwa kwenye kijitabu tuliiwekea alama. Kisha Makena akaendesha uchambuzi mara mbili: mara moja nyumba hizo zikiwamo, mara ya pili zikiwa nje. Vijana, hili ni jambo zuri sana katika kazi yetu, na nawasihi mlifanye daima. Ukishuku kitu, usibishane nacho. Kitoe uone kama jibu linasimama bila hicho kitu.

Halikusimama. Ule mstari mnene ulikonda, ukasogea ukajiunga na ile midogo midogo. Kijialmasi kikahamia upande wa kupungukiwa. Nisitie chumvi: kilikuwa kimetanuka pia, maana yake shaka ilikuwepo, na Daktari aliiandika shaka hiyo waziwazi. Rasimu ya zamani ilitupwa. Mpya ikasema kwamba watoto wa sehemu kavu huenda wanapungukiwa, kwamba hakuna msingi wa kuondoa maharagwe, na kwamba wapimwe tena kwa fomu iliyotengenezwa vizuri. Kosa langu liliandikwa humo, bila jina langu. Nilimwambia Daktari aweke jina. Akakataa, akasema fomu ndiyo ilikosea kwanza.

Tuliwaandikia wale waandishi watatu. Mmoja alishukuru na kusahihisha makala yake. Mmoja hajajibu hadi leo. Wa tatu aliuliza kama tuna picha ya mbuzi.

Maharagwe hayakukatwa. Karamu yangu ilifanyika, keki ikaliwa. Siku chache kabla ya kurudisha ufunguo wa ofisi, niliteremka kwenda Ishiara na wapimaji wapya waliokuwa wanaanza zoezi la kupima tena, wakanikaribisha nije niwaone. Nilikuwa nimebeba nusu kilo ya sukari na majani, kama kawaida.

Mama Muthoni alikuwa jikoni kwa chekechea, amefunga leso, mwiko mkononi. Nilimsimulia habari yote nikiwa nimekaa kwenye kigoda, fomu, mstari, sahani, mbuzi. Kwa mbuzi alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akafuta macho akaniambia, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesimulia mvua ya juzi:

"Lakini ile sahani ilikuwa ya Muthoni."

"Sahani gani?"

"Ile ulikula. Ndengu ilikuwa kidogo siku hiyo. Nikaona mgeni amekuja na mizani yake kutoka Embu, na sahani ni nne tu. Nikamtuma Muthoni kwa nyanya yake akae huko mpaka uende, asije akalia mbele yako."

"Ulisema atakula."

"Ningesema nini? Jioni alikunywa uji."

Kwenye karatasi Muthoni ndiye mtoto aliyekula vizuri kuliko wote katika kijiji kile, na karani akanisifu. Na mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, chini kabisa ya fomu, nilikuwa nimeandika: mabaki, sifuri. Nilikuwa nimeiona sufuria tupu, nikaipima, nikaiandika, wala sikujiuliza mtoto atakula kutoka wapi. Nililia, siwafichi. Mama Muthoni alinipigapiga bega akaniambia niache, Muthoni ni mtu mzima, yuko huko kwetu Timau kwenye shamba la maua, na ni mnene kunishinda.

Watoto walipangwa wakala. Vikombe vya maharagwe vilirudi vimelambwa safi. Halafu Mama Muthoni akapakua sahani, akaniletea kwa mikono miwili vilevile kama siku ile. Msichana mmoja kati ya wapimaji wale, mgeni wa kazi, akabaki ananitazama hajui afanye nini.

Nikamwuliza Mama Muthoni, "Hii ni ya nani?"

"Ni yako. Wote wamekula."

Nilisimama nikachungulia sufuria. Ilikuwa na maharagwe bado, ya kutosha watu wawili au watatu. Nikaipeleka sahani yangu mwenyewe kwenye mizani, nikasubiri namba itulie, nikamwonyesha msichana mahali pa kuandika, mstari wa mwisho, penye neno Mgeni. Aliandika. Ndipo nikala.